Mkataji Nyuma ya Kioo

Kupitia kioo cha ofisi nilimwona mume wangu amesimama. Kiti cha msimamizi kilikuwa tupu kando yake, na vidole vyake vilikuwa vinalisugua pindo la shati lake mwenyewe, polepole, kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

Upande wetu wa kioo, ukumbi ulikuwa umechangamka kuliko soko. Nusu ya cherehani zilikuwa zimenyamaza. Fundi mmoja alikuwa anasimulia habari za binamu yake aliyeoa bila kuwaambia wazazi, na kila aliyekuwa karibu alikuwa ameondoa mguu kwenye kanyagio ili asikie vizuri. Mume wangu aliinua mkono kugonga kioo. Mkono ukafika, ukatulia hewani, kisha ukarudi kwenye pindo.

"Mke wa msimamizi," fundi tuliyemwita Redio akaniita kutoka mstari wa makola, bila kupunguza sauti, maana sauti yake haikuwa na pa kupunguzia. "Mwambie mzee hiyo si televisheni. Atoke nje asimuliwe na yeye."

Watu wakacheka. Hata mimi nilitabasamu, kisha nikayainamia matundu yangu ya vifungo.

Picha hiyo ilinirudia siku tuliyomzika. Mdogo wake alisimama kutusomea maisha ya marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, aliacha watoto gani. Alipofika kwenye kazi, sauti yake ilipanda kidogo. Akasema kaka yake aliwahi kuwa msimamizi wa kiwanda cha nguo. Waombolezaji wakatikisa vichwa kwa heshima, na shemeji yangu akanyamaza kidogo ili neno lile lipate nafasi yake. Simlaumu. Alikuwa anamtafutia ndugu yake kitu cha kujivunia, na hicho ndicho alichokiona kikubwa kuliko vingine. Lakini nilikaa pale na leso yangu mkononi nikisema moyoni, hapana, siyo hapo. Naandika haya kabla na mimi sijaanza kuamini kwamba ilikuwa hapo.

Tulikuwa tunashona sare: za wanafunzi, za wauguzi, za walinzi. Kiwanda lilikuwa jina kubwa. Ulikuwa ukumbi mrefu wenye paa la bati na madirisha upande mmoja tu, na chini ya madirisha hayo palikuwa na meza ya kukatia. Hapo ndipo nilipomkuta nilipoajiriwa. Na yeye aliniona siku hiyo hiyo, ingawa alichelewa sana kuniambia, kama alivyochelewa kwa kila jambo linalohitaji maneno. Walimwita Taratibu. Ukimuuliza ameamkaje, atakujibu, taratibu. Ukimuuliza kama jora jipya limefika, taratibu. Redio alidai kwamba hata harusini, alipoulizwa kama amenikubali, alijibu hivyo. Ni uongo, ila watoto wetu wameukuta na wanausadiki.

Mezani alikuwa mtu mwingine. Akifungua jora alitandaza kitambaa, akakilainisha kwa mkono wote mpaka kwenye kiwiko, halafu akakiacha. Mwanzoni nilidhani anapumzika. Siku moja nikamuuliza, akaniambia kitambaa kilichokaa kimeviringishwa kinafika kimechoka, ukikikata hapo hapo kitakuja kujinyonga mwilini mwa mtu. Basi alikingoja. Kisha alipanga juu yake karatasi za vipimo, mkono wa shati huku, mfuko kule, kola katikati, akizisogeza na kuzigeuza kama mama anayelaza watoto wengi kwenye kitanda kimoja. Akimaliza kukata, vilivyobaki vilikuwa vipande visivyotosha hata kufutia miwani. Alikuwa na tabia ya kuokota kimoja, kukielekeza dirishani, na kutabasamu peke yake. Hakumtazama mtu kuona kama ametazamwa.

Sisi wengine hatukuwa hivyo. Mpiga pasi aliishi kwa sifa: lisifie shati lake moja asubuhi, na mpaka jioni hutamsikia akilalamikia mgongo. Bibi wa vifungo alikuja kazini hata akiwa na homa, kwa kuwa wanawe walikuwa wamehama wote na nyumba yake ilikuwa na ukimya asioupenda. Redio alihitaji watu. Mfungie chumbani na cherehani nzuri kuliko zote, atanyauka. Mweke katikati ya ukumbi uliojaa, atashona bila kuangalia sindano huku akitangaza habari za mtaa mzima. Mimi nilipenda kuona fungu limekwisha. Sikuwahi kupenda sana kulianza.

Bosi alikuwa mwanamke aliyeanza na cherehani moja sebuleni kwake, akapanda mpaka akafika pale. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba kila binadamu anaangalia juu, kwa sababu yeye alikuwa anaangalia juu. Kwa hiyo msimamizi wa zamani, mzee mmoja aliyetuendesha kwa filimbi kama timu ya mpira, alipostaafu, bosi alifanya alichoona ni haki na ni wema. Alitafuta fundi aliye bora kuliko wote, akampa funguo za chumba cha kioo.

Nyumbani ilikuwa furaha. Mama mkwe, ambaye tuliishi naye, alianza siku ile ile kusema "mwanangu yuko ofisini" kwa watu waliokuja kuomba chumvi. Alimpigia pasi suruali mwenyewe, akaikunja mistari miwili badala ya mmoja. Nami nilifurahi. Ningeachaje kufurahi? Mume wangu peke yake ndiye aliyekaa kitandani akizitazama zile funguo, na nilipomuuliza anaonaje, alinijibu jibu lake lile lile.

Kilichofuata hakikuwa na kelele. Hakumgombeza mtu, kwa kuwa hakujua pa kuanzia. Akiona kola imeshonwa upande, alitoka ndani ya kioo, akaja, akasimama nyuma ya fundi, akakohoa. Fundi akigeuka, yeye aliomba ile kola, akavuta kiti, akaifumua na kuishona upya mwenyewe. Watu si wajinga. Baada ya muda wale wavivu walikuwa wanamwekea zile mbaya pembeni. Saa ya chakula, wenzake wakila, yeye alikuwa anafumua. Usingizi ukampungua. Chakula alikisogeza huku na huku kwenye sahani mpaka mama yake akaanza kuniangalia mimi jikoni.

Kwenye meza ya kukatia alikuwa amewekwa kijana mmoja mwenye mikono myepesi, tuliyemwita Injini. Injini alipenda safari, alipenda kufika, na alikata nguo kama mtu anayewahi gari. Hakukingoja kitambaa. Mashati ya shule moja yakashonwa, yakapelekwa, yakafuliwa mara ya kwanza, na mikono yake yote ikajisokota. Yakarudi malundo kwa malundo.

Bosi alishuka ukumbini asubuhi hiyo na shati moja mkononi. Hakupaza sauti. Alimwambia mume wangu, mbele yetu, kwamba kazi nyingine kama ile ikiharibika tutafunga, na kwamba ukumbi uliokosa woga unahitaji kuona mtu mmoja akitoka getini. Mtu huyo mume wangu amchague mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye anayetujua. Ijumaa alitaka jina. Kisha akamwita ofisini kwake waende kuzungumza na watu wa shule kwa simu.

Walipotoka, ukumbi uliganda. Kila mtu alimtazama Bibi wa vifungo, aliyekuwa mzee kuliko sisi sote, kisha akajifanya hakumtazama. Bibi aliendelea kushona, lakini alitoboa kidole, na hilo hatukuwahi kuliona.

Redio ndiye aliyesimama. Sijui kama alijua anachofanya. Alipita katikati ya mashine na mikono kiunoni, akamwambia yule msimuliaji wa binamu kwamba akisinzia tena pale atamshonea kope. Akamfuata mpiga pasi, na hapo sauti yake ikawa asali: "Fundi, haya makola yamekataa kunyooka kwa mtu mwingine. Yanakungoja wewe." Mpiga pasi akavimba kifua, pasi ikaanza kutoa mvuke. Redio akalibeba kapu la Bibi kutoka pembeni, akaliweka katikati ya ukumbi karibu na mashine yake, akamketisha. "Kaa hapa unisikilize, maana hawa wengine wamenichoka." Mimi akaniambia akiniletea mafungu madogo madogo nitayamaliza haraka zaidi, akayagawa. Sikuwa nimemwambia mtu jambo hilo maishani mwangu.

Cherehani zote zilikuwa zinalia. Nilipoinua macho, mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Alikuwa anamtazama Redio kama alivyokuwa anatazama kitambaa kilichotandazwa.

Jioni tukitembea kurudi nyumbani alizungumza kuliko kawaida yake. "Umeona anavyowajua?" akaniuliza. "Mimi nilikuwa nawaona kupitia kioo. Yeye anawajua." Nikamwambia bado anadaiwa jina na Ijumaa iko karibu. Akasema jina analo. Hakuniambia, nami sikutaka kulisikia.

Ijumaa nilikuwa nimebeba mashati ya kukaguliwa, na bosi alinikuta mlangoni mwa chumba cha kioo. Aliniambia nisimame hapo hapo, hatakawia. Kwa hiyo nilisikia.

"Jina," bosi akasema.

"Langu."

Bosi alivuta kiti akaketi. "Taratibu, sina muda wa mchezo."

"Sichezi, mama. Mimi watu siwawezi. Nguo naziweza."

"Na mezani kuna mtu. Nikikutoa hapa sikuahidi kule. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Naomba meza. Isipowezekana, naomba ruhusa niende."

Moyo wangu ulianguka pamoja na shati la juu, nikaliokota. Alikuwa amezisema sentensi zile kwa utulivu ambao sikuwa nimeuona kwake tangu apewe funguo. Bosi akamuuliza, basi nani akae hapa, na aliposikia ni Redio alicheka kwa mshangao wa kweli. Yule mwenye mdomo?

"Ni huo huo mdomo, mama," mume wangu akasema. "Ungekuwepo juzi usingecheka."

Bosi alimtazama kwa muda. Nadhani alikuwa anatafuta hila, kitu anachokitaka mtu huyu juu zaidi, na hakukipata. Akamwambia aziache funguo mezani, aende nyumbani. Jumatatu atajua kama ana kazi au hana.

Siku mbili zile ni ndefu kuliko miezi mingine niliyoishi. Hatukumwambia mama. Alimpigia pasi suruali kama kawaida, mistari miwili, na mume wangu akamshukuru. Jumamosi alitengeneza mguu wa kitanda cha watoto. Jumapili alilala mchana kutwa, usingizi mzito wa mtu aliyetoka safarini, na mimi niliketi kando yake nikiwaza tutaishije, nikashindwa kumwamsha ili niwaze naye. Kulikuwa na hasira ndani yangu, sitakataa. Lakini uso wake ulikuwa umelegea, umekuwa uso niliouona chini ya madirisha siku ya kwanza, na ni vigumu kumkasirikia mtu aliyelala hivyo.

Jumatatu bosi alitukusanya. Alikuwa ameshinda Jumamosi yote ukumbini na wale wa zamu ya ziada, akimsikiliza Redio. Akatangaza kwamba Redio atatusimamia. Akatangaza kwamba Injini atashika gari, apeleke mizigo na kuleta majora, na kijana yule aliruka kama aliyefunguliwa kamba. Hakutaja mtu wa kutoka getini. Mwisho akamwambia mume wangu, bila kumtazama, kwamba meza ina vumbi.

Redio hakukaa ndani ya kioo hata siku moja. Alikifanya stoo ya vifungo. Na neno lake la kwanza la uongozi alimpa mume wangu, aliyekuwa ameshatandaza jora na kulinyamazia: "Wewe Taratibu, unalikata hilo au unalisomea dua?"

"Linapumua," akajibu.

"Haya, likimaliza kupumua uniambie."

Niliinama nisionekane nikicheka. Mchana alikula chakula chake chote, na cha kwangu kidogo.

Njiani jioni ile nilimuuliza swali nililokuwa nimelibeba tangu Ijumaa: tutamwambia nini mama? Suruali za mistari miwili, watu wa chumvi, ofisi. Aliendelea kutembea. Nilidhani ataniachia mimi, kama alivyoniachia maneno mengi mengine.

Lakini tulipofika, kabla hajavua viatu, alienda akachuchumaa mbele ya mama yake aliyekuwa anachambua mchele.

"Mama, nimepata kazi."

Mama akainua macho. "Si unayo?"

"Hapana," akasema. "Ile ilikuwa ofisi."

Mama alimtazama. Mwanawe alikuwa na chaki ya kuchorea vitambaa kwenye mkono wa shati, kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Mama alirudi kwenye mchele wake, na usiku ule alimpakulia mwanawe mara mbili. Asubuhi nilipokuwa nafagia nilimsikia nje, akimwambia mtu aliyekuja na kikombe chake cha chumvi kwamba leo asimcheleweshe, ana suruali ya kupiga pasi, mwanawe amepata kazi.