Kigaga Kilichopigwa Msasa

Kazi yangu ni vidonda. Nina meza ya bati, mabeseni mawili, na foleni inayoanzia kwenye benchi la nje na kuishia getini. Nimeshawagombeza watu wa kila aina: aliyepaka dawa ya meno, aliyepaka mafuta ya breki, aliyebandua kigaga kwa kucha eti kinamwasha. Nawaambia maneno yale yale kila siku mpaka nachoka kujisikia. Damu ikishaganda juu ya jeraha, iacheni. Chini yake ngozi mpya inatambaa kutoka kingoni kwenda katikati, na ikimaliza kazi yake kigaga kinadondoka chenyewe. Kikiwasha, si neno. Kikipwita, kikivimba, kikitoa joto, njooni mbio. Hawaji mbio. Wanakuja wakati harufu imewatangulia.

Jumatatu ile, kwenye benchi, alikuwapo baba yangu mzazi. Alikaa kwenye zamu kama wengine, mkono wa kulia ameuficha ndani ya kofia.

Baba ni seremala. Wiki mbili nyuma patasi ilimteleza ikamchana dole gumba. Nilimsafisha mwenyewe, nikamfunga, nikamwambia akae siku saba bila kushika kifaa. Alikaa moja. Siku ya nane, tukiwa mezani, nilimuuliza kidonda kinaendeleaje, naye akaninyooshea dole juu ya sahani. Nilikuwa nimetoka kufunga watu arobaini. Niliona kigaga cha kahawia, kikavu, kimetulia. Nikasema, "Safi, kinapona," nikaendelea kula.

Sasa alivua kofia. Dole lilikuwa limevimba mara mbili, ngozi imevutika mpaka inang'aa, joto lake nililisikia kabla sijaligusa. Kwapani alikuwa na mtoki. Lakini kigaga kilikuwa vile vile, kikavu, kimetulia.

"Tangu lini, baba?"

"Juzijuzi."

"Baba."

"Tangu Jumatano."

"Na siku zote hizo umekaa kimya?"

"Si ulisema kinapona?"

Nililowesha pamba kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, nikaiweka juu na kusubiri. Kigaga cha damu hulainika. Hiki kilikaa kama kilivyo. Nikakigonga kwa ncha ya koleo, kikalia ko, ko. Niliinama nikaona mikwaruzo myembamba, yote imeelekea upande mmoja.

"Umekipiga msasa?"

Alitazama dirishani. "Kile cha kwanza kilibanduka nikishika randa. Damu ikawa inachafua mbao za watu. Nikafanya tunavyofanya sote pale karakana. Gundi, vumbi la mbao, mchanganyiko ukikauka unasawazisha kwa msasa."

"Hivyo huzibwa ufa wa kabati, baba. Kabati halitungi usaha."

"Mchanganyiko ulishika vizuri, lakini," alisema, na hakuweza kuzuia fahari kidogo. "Nilichagua vumbi la mbao nyekundu, nikachanganya na nyeusi kidogo, mpaka rangi ikakubali."

"Rangi ya nini? Damu ingezibwa na vumbi lolote."

Nje mtoto wa mtu alikuwa analia, na mama yake anambembeleza.

"Ili usinigombeze," alisema. "Mwanangu, unavyowasema watu humu ndani, tunasikia mpaka kwenye benchi."

Nilipitisha wembe pembeni, kazi yake ikatoka kipande kimoja, na chini yake usaha ukaruka mpaka kwenye aproni yangu. Alikuwa ameufungia uchafu ndani siku zote hizo, ukakosa pa kutokea ukala kwenda chini. Nilimkasirikia. Nikajikasirikia zaidi mimi, mwenye macho ya miaka kumi na sita ya kazi hii, niliyedanganywa na msasa kwa sababu nilikuwa na njaa.

Daktari alikuja, akabonyeza, akatikisa kichwa. Mfupa umeshaguswa. Dole litatoka leo, maana tukingoja utakwenda mkono mzima. Baba aliuliza swali moja tu, kama mtu anaweza kushika patasi kwa vidole vinne. Daktari alisema hajui.

Kisha akafungua faili. "Kuna mtu yeyote wa afya aliyekiona kabla ya leo?"

"Hakuna," baba alisema upesi. "Nilikificha. Binti yangu hakukiona."

"Nilikiona," nilisema. "Andika. Muuguzi alikitazama kwa mbali, hakukigusa, akasema kinapona. Andika na jina langu."

"Usimsikilize, daktari," baba alisema. "Ana hasira tu."

Nilikuwa nayo, tena ya kutuenea wote wawili. Nilimshika ule mkono wake mzima, nikaenda naye mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na njia nzima hakuna aliyemgombeza mwenzake.