Utepe wa Soko la Nyamerengo

Siku ya uzinduzi wa soko, Boke aliamka akachekecha unga kama kawaida, akabandika maharage kwenye mafiga yake pembeni mwa barabara ya kwenda Nyambureti, akaangalia mawingu. Mafiga yalikuwa hapo nje kwa sababu kibanda chake kilivunjwa mwaka juzi kupisha ujenzi. Aliambiwa avumilie kidogo. Sasa soko limekwisha, zuri kabisa, bati la kijani, sakafu ya saruji, na kizimba namba saba kina jina lake kwa rangi nyekundu. Alikuwa anataka kitu kimoja tu: apike chini ya paa kabla masika hayajakolea.

Soko lilijengwa kwa ubia wa taasisi tatu za serikali. Mfuko wa Miji Midogo ulitoa fedha, Wakala wa Masoko Vijijini ukatoa ramani, na Mamlaka ya Mandhari ikatoa maua, ambayo mbuzi waliyamaliza wiki ya kwanza. Bango lilisema lengo ni kuhuisha senta ndogo. Na kweli Nyamerengo ilihitaji kuhuishwa. Tangu basi la Mugumu libadilishe njia, hata mbwa wa pale walikuwa wanabweka kwa kujilazimisha.

Taasisi hizo zilielewana kwa kila kitu isipokuwa utepe. Kila moja ilikuja na wa kwake, mmoja wa bluu, mmoja wa kijani, mmoja wa njano, na hakuna iliyokubali wa kwake ukatwe baada ya wa mwenzake. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Joel, afisa wa mradi, kijana mpole anayetoka jasho hata asubuhi, akazipeleka tepe zote kwa Shamsia, fundi cherehani, azishone ziwe utepe mmoja. Shamsia akapitisha uzi mara mbili, kama anavyoshona mabegi ya shule.

"Dada, usikaze sana," Joel akamwambia. "Unakatwa leo leo."

"Kazi yangu mimi haiachii," Shamsia akasema, akang'ata uzi.

Mgeni rasmi akaukata saa sita mchana. Nyuzi za litungu zikalia, watu wakapiga makofi. Kabla hajarudisha mkasi kwenye sinia, utepe ukawa umejiunga tena, bila kovu. Akaukata tena, ukajiunga tena. Akajaribu mkuu wa Wakala, akajaribu mkuu wa Mamlaka, kisha mtu wa Mfuko akaazima panga la mzee Tomaso, mfuga mbuzi wa pale, nalo likapita vizuri sana, na utepe ukajiunga nyuma yake.

Mzee Tomaso alisema baba yake mdogo alikuwa na kamba ya ndama ya namna hiyo, ilikaa mpaka ndama akazeeka. Basi, watu wakaenda kula. Maharage ya Boke yaliisha mapema, na wageni wakayasifia.

Jioni Joel alipita kwenye mafiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura," Boke akasema, yaani kijana. "Kesho nahamia ndani?"

"Bado, mama. Soko halijafunguliwa."

"Si mmekata? Nimeona kwa macho yangu."

"Tumekata, ila haujakatika. Kwenye picha zote utepe ni mzima. Makao makuu hawawezi kupokea picha za hivyo."

"Na nikipita chini yake?"

Joel akajifuta jasho. "Utakuwa umevamia mali ya serikali, mama. Usiniponze, tafadhali."

Mbuzi walipita chini yake bila shida yoyote, maana mbuzi hawajui itifaki. Walichagua vizimba, wakazoea. Namba saba alikaa beberu mweupe wa mzee Tomaso, na usiku wa mvua alilala pakavu kuliko mtu yeyote wa upande ule.

Boke alipika chini ya turubai lililotoboka. Mvua ilizima moto, ikajaza masufuria, ikamgeuzia ugali kuwa uji mbele ya wateja. Siku moja ikamtosha. Alijitwisha sufuria, akainua utepe kwa kiwiko, akaingia. Alimwondoa beberu, akafagia, akawasha moto. Siku hiyo chapati zilitoka kavu, na wateja walikaa mpaka wakasahau kuondoka. Boke alifurahi, akaimba kidogo kwa Kikurya, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kibanda kivunjwe.

Joel alikuja na walinzi wawili. Walikula kwanza, kisha wakamtoa. Boke hakulia mbele yao, lakini iliuma, iliuma vibaya. Jirani zake walimsaidia kubeba masufuria, na beberu akarudi namba saba.

Wakubwa hawakukata tamaa. Walirudi kila mwezi kuukata upya, kila taasisi na mkasi wake, kila taasisi na mgeni rasmi wake. Na hapo ndipo senta ikaanza kuchangamka. Gesti ikapakwa rangi. Bodaboda wakahamia kutoka Mugumu. Kwaya ikashonewa sare na Shamsia, ambaye alilazimika kuongeza cherehani ya pili. Basi likarudia njia yake ya zamani, kwa ajili ya watazamaji. Walikuja mpaka watu wa Sirari, wakiwa na ndugu zao wa upande wa Kenya, kuona utepe wa Nyamerengo, wakauona, wakasema ni mzuri, wakaulizia chakula.

Baada ya masika mawili wakaja watathmini. Waliandika kwamba senta imehuika kuliko zote za mkoa. Wakamwendea Boke na kamera, kama mnufaika.

"Mama, eleza mradi umekuletea nini."

"Wateja ninao," Boke akasema. "Paa sina. Mvua inaninyeshea, na mlango ule pale."

Wakaandika. Mwezi uliofuata Joel alipita anakimbia, uso unang'aa, akasema taasisi zote tatu zimesaini awamu ya pili, na awamu ya pili ni paa. Boke alimkumbatia palepale, na mikono yake ya unga. Akanunua sufuria kubwa. Akamwambia kila mteja kwamba mvua ijayo itamkuta ndani.

Mafundi walishusha nguzo mlangoni mwa soko. Walijenga haraka, kwa bati nene, banda zuri lenye feni na viti. Lilifunika utepe wote, kutoka mwisho hadi mwisho. Joel alieleza kwamba utepe ulikuwa unaloana mno, na Mamlaka ya Mandhari iliogopa utachuja rangi.

Siku banda lilipokamilika wageni walichelewa, mbingu ilikuwa nyeusi, na hakuna aliyekumbuka kuleta utepe mwingine. Mgeni rasmi akasema haidhuru, tupige makofi tu. Wakapiga makofi. Banda likawa limefunguliwa.

Boke naye alikuwa amepiga. Kisha akaanza kusogeza mafiga yake kuelekea ukingo wa banda, kidogo tu, mvua isimfikie. Joel akamwahi.

"Mama, samahani. Moshi utaharibu utepe."

"Niende wapi, mura?"

Joel akaangalia huku na huku, kisha akaonyesha ng'ambo ya barabara, penye mtaro. Alisema pole. Alikuwa anamaanisha, na machozi yalimlengalenga. Boke akashika figa la kwanza kwa kitambaa, likiwa bado la moto, akavuka. Aliporudi kuchukua la pili mvua ilishaanza, na wageni walikuwa wamekwisha kukaa chini ya bati, wanauliza chakula kitaiva saa ngapi.