Mtoto wa Kwenye Barua Pepe

Haki ya Mungu, haya ni kweli tupu. Sijatia chumvi hata ya kuonja; mkininasa na uongo, chai ya meza nzima hapa mgahawani ni juu yangu.

Yaya alikuwa anakunja nepi za mtoto wa bosi wake barua pepe ilipoingia kwenye simu. Familia moja ng'ambo ilimtaka akalee mtoto wa miezi sita: chumba chake mwenyewe, mshahara mara kumi ya huu, atangulize tu ada ya viza. Aliyewapelekea jina lake ni dada yake, wa tumbo moja. Chini ya barua palikuwa na picha ya mtoto. Mtoto alikuwa analia.

Yaya aliiegemeza simu begani, akaipigapiga mgongoni mpaka ikacheua. Maziwa yakamchuruzika.

"Futa kabla hayajaganda," mpishi alisema, akaendelea kumenya vitunguu.

Kazi ni kazi. Yaya akawaandikia wazazi: analala saa ngapi? Amechanjwa? Chakula gani kinamdhuru? Jibu likaja upesi: "Mpendwa Mwombaji, tuma ada leo, nafasi inafungwa." Akauliza jina la mtoto. "Mpendwa Mwombaji, tuma ada leo."

"Mzazi gani huyu," yaya alisema, "hata hajauliza kama nimewahi kushika mtoto?" Tena wakati wa kumcheulisha alikuwa amemchungulia kinywani: magego mawili. Miezi sita gani hiyo?

Jioni dada mtu akapita kusalimia. Mtoto alipoisikia sauti yake alinyamaza, akatoa mikono yote miwili nje ya kioo cha simu, akaushika mkufu wake.

"Dada, anakujua."

"Watoto ndivyo walivyo, mdogo wangu. Umeshatuma?"

"Umewatumia wangapi picha hii?"

"Chai yako leo tamu," dada alisema, akijinasua kidole kimoja kimoja.

Yaya akaifuta barua. Hakutuma kitu.

Nilipofika hapo katika kusimulia nikakatizwa na yaya mwenyewe, kumbe kaketi nyuma yangu mgahawani, simu begani.

"Babu, mtoto sawa. Magego sawa. Lakini nilituma. Akiba yote. Angekuwa mgeni nisingetuma. Alikuwa dada."

"Dada huyo jana kanijia mimi," alisema muuza chai, "eti nimpe jina la binti yangu." Kisha akanigeukia. "Na wewe Babu, umenaswa. Lipa."

Nikalipa chai ya meza nzima, na maziwa ya mtoto, yenye uvuguvugu.