Sahani ya Bi Jaha

Tangu Bi Khamisa aambiwe ana presha, chumvi ilihamishwa nyumba ile kama mtu aliyefumaniwa. Mkaza mwana wake, Mbeyu, alikitoa kikopo jikoni kwa mkono wake. Kwa mkono huohuo, uliojifunza kuandika kwenye darasa la jioni, aliyaandika maagizo ya nesi akayabandika juu ya mtungi: kidonge asubuhi, chumvi basi, kutembea kidogo jua likipoa. Dada yake Bi Khamisa alikuwa amepooza upande mzima kwa presha hiyohiyo, na Mbeyu hakutaka kumwona mama huyu naye akilishwa uji kwa kijiko.

Akaacha chumvi yeye pia, ingawa alikuwa ananyonyesha na njaa haimwishi. "Hatakula peke yake chakula cha mgonjwa," alimwambia Zein, mumewe.

Ikapita miezi mitano. Kila adhuhuri Bi Khamisa alimega fungu kubwa la chakula chake, akalifunika kawa na kumpelekea jirani, Bi Jaha. Desturi yao sahani ya jirani hairudi tupu. Ilirudi imefunikwa, na Bi Khamisa akaingia nayo chumbani. Mbeyu hakufunua. Tena alifurahi kwamba mapishi yake yanapendwa.

Lakini presha haikushuka. Alhamisi moja kliniki, nesi alimgeukia Mbeyu mbele ya foleni nzima.

"Wewe ndiye unayempikia? Wataka kumuua mama wa watu?"

Mbeyu alimtazama mkwewe. Bi Khamisa alikuwa akitazama ukuta, akinyoosha buibui lake.

Kesho yake mchana, Bi Jaha alimkuta Mbeyu kisimani.

"Mwanangu, kuku wangu wakusalimu. Wamenenepa kwa wali wako."

"Kuku?"

"Basi nani atakula wali usio chumvi? Mkweo mwenyewe wamshinda. Kama si papa wangu mkavu, angekwisha konda yule." Akacheka.

Mbeyu aliiacha ndoo palepale. Chumbani alimkuta Bi Khamisa mkekani, kawa pembeni, kipande cha papa wa chumvi mkononi.

"Mama, ungeniambia chakula hakiliki."

"Ningekwambiaje, mwanangu? Wakaa mbele yangu wahesabu matonge. Niliona haya kukurudishia chakula chako."

"Na kwa nesi hukuona haya?"

Bi Khamisa alirudisha papa sahanini. 

Wiki ile walisalimiana tu. Alhamisi, kabla hata ya kupimwa, Bi Khamisa alimwambia nesi, foleni yote ikisikia: "Mwanangu ulimwonea. Papa wa chumvi nilikuwa nikila mimi, kwa siri." Mbeyu alingoja moyo wake utulie. Haukutulia. Aliona tu wali wake, adhuhuri kwa adhuhuri, ukitoka mlangoni kwenda kwa kuku.

Walipofika nyumbani, Bi Khamisa hakuketi. Alijifunga leso, akamkamulia ndimu samaki mbichi, akampaka kitunguu thomu na pilipili, chumvi hakutia.

"Presha ni yangu," alisema. "Niache nipike mwenyewe."

Samaki alipoiva, alimnyooshea Mbeyu kipande.

"Onja."

Mbeyu alimhamishia mtoto bega la pili, akaonja, akatafuna polepole.

"Ndimu haijatosha," alisema. Ukiacha salamu, ndilo neno la kwanza alilompa wiki nzima.

Bi Khamisa akachukua ndimu nyingine.