Bi Harusi wa Miaka Kumi na Miwili

"Bi harusi! Moto unazima huku, au umelala nao?"

Wake wawili waliitika kwa pamoja: Asabi uani, mikono imezama kwenye mtungi wa nili anamotia nguo rangi, na Sikira chumbani, mtoto kifuani. Mama Lamidi, mkwe wao, akacheka.

"Sikuiti wewe, Sikira. Nyonyesha. Leo unakuwa mama wa mtu. Namwita yule wetu wa zamani."

Ndivyo ilivyo mjini Abeokuta: watu wa mume humwita mke bi harusi mpaka azae, kisha jina la mtoto ndilo linalomsitiri. Asabi ni bi harusi mwaka wa kumi na mbili. Mvi zimeshamchungulia masikioni. Sokoni hata vibinti vya pilipili humwita hivyo, tena kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo inayomchoma. Siku hizi kunakucha macho yake mekundu kwa kilio. Akiulizwa husema ni moshi. Lamidi, mume wao, aliacha kuuliza.

Lakini leo alikuwa na kitu kimoja. Mtoto akipewa jina, kila mkubwa wa nyumba hutia sarafu kwenye bakuli la maji na kumpa jina alilomchagulia, nalo ni la mtoto maisha yote, hata likitumiwa na mtu mmoja tu. Asabi alilichagua lake tangu tumbo la Sikira lilipochomoza. Alilinong'oneza mtungini, asisikie mtu. Akiruhusiwa kulisema, basi yuko mtoto mmoja duniani atakayeitika akimwita.

Sebule ikajaa. Bakuli likazunguka, wajomba kwa mashangazi. Lilipomfikia Asabi, Mama Lamidi akalishikilia.

"Mpe, mama," Sikira akasema polepole. "Naye ni mkubwa wangu."

Asabi akatia sarafu kwa vidole vyake vya buluu.

"Remilekun." Yaani, umeninyamazisha kilio.

Shangazi mmoja akaguna. "Hilo hutoa aliyelia kwa uchungu wa kuzaa. Huyu kanyamazishwa na nani?"

"Labda na mtungi wake," mwingine akajibu, na kicheko cha watu walioshiba kikapita sebuleni. Lamidi akawa anakunja na kukunjua kofia yake.

Mama Lamidi hakucheka. Aliyatazama yale maji kama mtu aliyeona nzi ndani yake. Akatoa sarafu zote, ya Asabi akamrudishia kiganjani.

"Mkono mkavu hautilii mtoto maji," akasema bila ukali wowote, kama anayeonya kuhusu chumvi. Akayamwaga dirishani, akamnyooshea bakuli tupu. "Bi harusi, tuletee mengine."

Asabi akalipokea kwa mikono miwili, akapiga na goti kama alivyofunzwa kwao.

Uani akafungua bomba. Bakuli likajaa, likafurika, naye hakufunga. Ndani mtoto alianza kulia. Wakawa wanambembeleza kwa majina yote mengine, moja baada ya jingine, na hakunyamaza. Maji yakatambaa, yakazunguka majivu ya jiko, yakafika mlangoni palipopangwa viatu vya wageni, yakaanza kuviinua, kimoja kimoja.