Nilivyomchunguza Haroub wa Bwejuu

Mie si mmbea. Hilo nalisema mapema ili tuelewane. Lakini posa ikiletwa nyumbani, mtu lazima aulizie. Kaka yangu ameshatangulia mbele ya haki, binti yake Shahida nimemlea mie hapa Mkunazini, na watu wa Bwejuu walishaleta barua wanamtaka kwa kijana wao Haroub. Majibu Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nikatuma mtu akaulize msikitini na kwa majirani zao. Akarudi na habari: kijana mzuri, anasali, kazi yake anafundisha wageni kuteleza juu ya maji kwa matiara, vile vishada vikubwa vinavyovutwa na upepo, huko Paje. Loo! Wageni gani tena? Wale wa vichupi? Nikasema huyu lazima nimtazame mtandaoni, maana huko ndiko watu wanakojianika.

Na nna sababu. Mchumba wa mwanzo wa Shahida, uchumba ulipovunjika, aliichukua picha ya mtoto wangu aliyopigwa kwenye harusi moja, kichwa wazi, kati ya wanawake wenzake, akairusha kwenye kundi la marafiki zake. Mji mzima ukaiona. Shahida hakutoka nje mwezi mzima, na kwa miaka miwili kila anayeposa anaambiwa hapana hata kabla hajataja jina. Safari hii tu ndiyo kaniambia, "Shangazi, Haroub moyo wangu umemkubali. Lakini picha nshampelekea moja, na tangu nimpelekee silali. Wewe ukiniambia yuko salama, nitaolewa naye."

Mzigo huo katwikwa nani? Mie Mashavu!

Basi Jumanne asubuhi, niko dukani kwangu Darajani, nikamtafuta Insta. Nikampata, lakini ukurasa kaufunga, huoni kitu ila jina na picha ya tiara jekundu. Fesibuku hayupo. Nikatafuta kwa jina la babake, kwa namba ya simu, kwa kijiji, patupu. Wasiwasi ukanizidi. Mtu asiye na la kuficha anafunga mlango wa nini?

Nikajifungulia akaunti nyingine. Jina Tahiya, umri miaka ishirini na mbili, picha ya mkono wa hina niliyoiokota huko huko. Toba yarabi! Wateja wananiuliza bei ya buibui, mie nnaandika: "Mambo Haroub? Nimesikia unamuoa Shahida wa Mkunazini."

Kimya mpaka baada ya adhuhuri. Halafu: "Salama. Tunafahamiana?"

"Si sana. Hebu nirushie picha yake, nimwone huyo aliyeniwahi."

Akituma tu, posa imekwisha, na Shahida wangu ndiyo hataolewa tena.

Hakutuma picha. Kaandika neno moja tu: "Shikamoo."

Na vidole hivi, Mungu anisamehe, vikajibu vyenyewe: "Marahaba mwanangu, hujambo?"

Nilipoona nilichoandika nilitaka kuingia chini ya meza. Mteja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia aangalie buibui lake aniache.

"Sijambo, Bi Mashavu," akaandika Haroub. "Niliona akaunti ya leo, rafiki hata mmoja haina, nikashuku. Na msichana wa miaka ishirini na mbili haitikii marahaba. Mtu mzima anayeuliza habari zangu wiki hii ni wewe tu. Picha ya Shahida sina. Aliponitumia niliitazama mara moja, nikaifuta. Kazini simu yangu inashikwa na watu wengi. Sikumwambia, nilichelea atadhani sikuipenda. Lakini hata ningekuwa nayo, nisingekupa, hata wewe. Picha ni yake."

Kisha akaongeza: "Samahani, ukurasa wa duka lako unaonesha nyumba unayokaa na saa unazotoka. Ukiniruhusu, nitakufundisha kuuziba."

Yaani mie naenda kumchunguza, kumbe yeye kashanijua nyumba na saa! Nikakasirika, nikacheka, nikakasirika tena. Nikafunga duka, mie huyo mbio nyumbani na kandambili zangu.

Shahida alikuwa uani anapepeta mchele. Nikampa simu.

"Soma. Lakini usinicheke."

Akanicheka. Alipofika pale nilipoitikia, ungo ukamponyoka, mchele ukamwagika wote, akakaa chini anacheka hadi machozi yakamtoka. Siku nyingine ningemgombeza kwa ule mchele. Lakini kicheko kile nilikuwa sijakisikia kwa miaka miwili, nikamwacha acheke.

Halafu akaendelea kusoma. Akarudi nyuma, akasoma tena pole pole. Akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Kaifuta," akasema.

"Ndivyo anavyosema. Na mie namwamini, wallahi. Mtu aliyeninyima mie shangazi yako, atampa nani?"

Akanirudishia simu, anatabasamu.

"Basi wapigie, Shangazi. Sasa hivi, kabla sijaona haya."

Nikampigia mama yake Haroub hapo hapo uani, nimesimama juu ya mchele, na alipopokea tu nikapiga kigelegele kabla hata ya kumsalimia.