Kopo la Wafadhili

Mimi ndiye niliyewaona wakilificha. Nilikuwa juu ya dungu, kile kibanda chetu cha kulindia mpunga, wakaja wazungu wawili na kijana wa kuwaongoza, macho yote kwenye simu. Wakachomeka kopo la plastiki kwenye tundu la mkwaju. Kijana akanieleza kwamba ni mchezo. Watakuja wengine, simu itawaleta mpaka hapa, wakilipata kopo wataandika majina kwenye kidaftari cha ndani, kisha walirudishe.

"Wanapata nini?" nikamuuliza.

"Wanafurahi. Ila usiwaonyeshe."

Sikuwaonyesha. Msimu mzima nimekaa juu natazama watu wazima wanauzunguka mti, wanapapasa mizizi. Mmoja aliumwa na siafu akavua suruali.

Aprili mto ukahamia shambani. Mpunga ukaenda, dungu likaenda. Mimi na bibi yangu, Bi Mwantumu, tukakimbilia mwinukoni pamoja na wenzetu, tumebeba sufuria na kuku mmoja. Siku ya tano kaka Twalibu, mvuvi, akavuta wavu wake: kambare wawili na kopo. Akalifungua mbele za watu. Kidaftari kikavu kabisa, penseli, na majina ya kizungu.

"Hawa wafadhili," akasema. "Wamejiandika wao, sasa zamu yetu. Si tuliambiwa mbegu zinakuja?"

"Kaka Twalibu, huo mchezo," nikasema. "Wanaficha, wanatafuta."

"Watu wazima? Watoke Ulaya waje kutafuta kopo?" Watu wakacheka. "Zabibu, njaa imekupanda kichwani."

Foleni ikapangwa. Jina, kitongoji, ekari, kila mtu akitaja zake kwa sauti. Bibi hajui kuandika, akanivuta khanga.

"Mjukuu wangu, niandike."

"Bibi, si kweli. Ni mchezo."

"Basi na mimi nicheze!"

Sikumwandika. Akaninunia siku mbili, akawa anaongea na kuku tu.

Siku ya tatu ya kununiwa akafika mtendaji wa kijiji, kalowa mpaka kofia. Mtumbwi wake ulipinduka njiani, na daftari lake la kuandikia watu waliopata mafuriko lilikuwa limegeuka uji. Mbegu zinafika kesho, orodha inatakiwa leo. Twalibu akampa kopo. Mtendaji akasoma, uso ukamchanua.

"Majina, vitongoji, ekari. Safi sana! Na hawa wa juu?"

"Wafadhili."

Mtendaji akainamisha kichwa kwa heshima. "Basi nafunga. Asiyemo humu asubiri awamu nyingine."

Awamu nyingine! Tope likishakauka utapanda wapi? Tungekula nini mwaka mzima? Na aliyemkosesha Bibi ni mimi, na ukweli wangu. Nikamtazama. Yeye akamtazama kuku.

"Mtendaji, samahani," nikasema. "Kuna mmoja amesahauliwa."

"Heee!" Twalibu akadakia. "Si ulisema mchezo?"

"Nimeamua kucheza."

Watu wakaangua kicheko, lakini penseli nikapewa. Nikaandika jina la Bibi, polepole, kila herufi ionekane.

"Ekari mbili," Bibi akasema, neno lake la kwanza kwangu tangu juzi.

"Bibi, tuna moja."

Nikaandika moja. Bibi akapandisha sauti, kila mtu asikie:

"Sawa, moja. Na Twalibu aliyejiandika nane, hana hata tuta la mchicha?"

Mtendaji akafungua tena kidaftari, akalamba kidole, akaanza kumtafuta Twalibu.